Machicha kwa Kuku Weupe

Chwaa. Mlio huo bado ninao masikioni: kinyesi cha kuku kikitua kwenye katoni, chepesi kama uji uliozidishwa maji, chenye povu, na punje za mahindi zimetoka vilevile zilivyoingia. Nilifagia nikiwa nimejifunga kitenge puani, na bado harufu ilinifuata mpaka kwenye sahani ya bugali.

Walikuwa kuku weupe wa nyama, walioletwa wakiwa vifaranga kutoka ng'ambo ya ziwa, pamoja na magunia ya chakula chao. Mama mdogo, aliyenilea pale mjini Baraka, upande wa Kongo, alinigawia nusu. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshajenga banda refu la mabati. Kisha vita vikarudi, mitumbwi ikaacha kuvuka, magunia yakaisha. Tukawapa ndagala, dagaa wa ziwani, walionyeshewa mvua hadi wakajaa funza. Matumbo yakaharibika.

Mama mdogo akawatibu kama alivyotutibu sisi watoto: bugali mgumu wa muhogo, eti tumbo lifunge. Wakazidi kuhara. Kinyesi kikawaganda nyuma, inzi wakasherehekea, nami nikawaosha mmoja mmoja kwa maji ya vuguvugu, nikigeuka kutapika.

"Jumamosi ya juma hili ikipita, ile ingine tunachinja kuku bote," akasema. "Na mi sitakula."

Jirani yetu, mama mkatoliki aliyepika pombe ya mahindi, alikuwa na kuku wa kienyeji wenye kinyesi kigumu, kisafi, kama kinyesi kinaweza kuwa kisafi. Walishinda kwenye machicha, makapi ya pombe aliyoyamwaga nyuma ya nyumba. Akaniambia nichote.

"Kitu ya pombe haitaingia mu kiwanja yangu," mama mdogo akakataa. Alikuwa mama wa kanisa lililokataza pombe. Hata chupa tupu hakuitaka.

Jirani akacheka juu ya uzio. "Dada, kuku yako ilibatizwa lini?"

"Cheka tu. Zikianza kupepesuka, ntazileta zilale kwako."

Lakini hakunizuia tena.

Miaka mingi baadaye nilimsikia daktari wa mifugo redioni akieleza kwamba tumboni mwa kuku mna vijidudu vyema, vinavyopenda makapi ambayo kuku mwenyewe hawezi kuyasaga. Vikishiba, vile vibaya hukosa nafasi. Wakati ule nilijua uvundo tu: chachu, jasho, kitu kilichooza. Niliyakoroga machicha na pumba kwa mkono kila siku, yakateleza kati ya vidole kama makamasi.

Ijumaa, siku moja kabla ya kuchinja, mama mdogo alikuwa ameenda ziwani kuteka maji. Chini ya kuku mmoja nikaona kitu cheusi chenye kofia nyeupe. Nikakiokota, bado cha moto, nikakibana kwa vidole viwili. Hakikubonyea, kigumu kama cha kuku wa jirani.