Ramani Yangu Imempigia Jirani Alama ya X

Admin, weka hii lakini ficha jina langu, kwa sababu huku Amagoro tunajuana hadi mbwa. Mimi ni kijana wa miaka 23, niko mwaka wa nne chuoni, nasomea sayansi ya mazingira na uchoraji wa ramani. Msinitukane sana, nishajitukana vya kutosha.

Mwaka huu nilikuwa atachi, yaani mwanafunzi wa mafunzo kazini, katika ofisi moja ya serikali, nikapewa kazi ya kuchora ramani ya mto wa kwetu, ionyeshe nyumba zilizojengwa karibu sana na maji. Kazi yenyewe ni ya miguu. Unatembea ukingoni na GPS mkononi, kila baada ya hatua kadhaa unasimama unachukua alama. Siku mbili nilitembea vizuri. Siku ya tatu mvua ikanyesha, matope hadi magotini, na kulikuwa na mechi Malaba niliyotaka kuitazama. Nikasema, aah, nani atajua? Kipande kilichobaki nikakichora kwa laptop nikiwa nimekaa, nikifuata picha ya setilaiti. Kwa ripoti nikaandika nimefika kila mahali. Bosi akanisifu mbele ya watu, nikatabasamu kama mjinga.

Kumbe ile picha ilipigwa wakati wa mafuriko! Maji yalikuwa yamepanda hadi kwa mashamba ya nduma, na mimi nikayachora yote kama mto.

Juzi watu wa ofisi ile wakaja na rangi nyekundu kuweka alama kwa nyumba za kubomolewa. Nyumba ya jirani yetu, nitamwita Mama Grace, ikapigwa X, na jiko lake la nje pia. Huyu mama ni mjane. Mama yangu alipolazwa miezi mitatu, ni yeye alitulisha mimi na dada zangu. Nikaenda kimyakimya na GPS nikapima. Nyumba yake iko mbali na mto kabisa, haina makosa. Makosa ni yangu.

Sasa sikieni haya. Hajui ni nani alichora. Alikuja kwetu na jogoo amefungwa miguu, akaniambia, "Baba, wewe umesoma haya mambo ya ramani. Chifu ameitisha baraza Alhamisi. Niandikie barua ya kujitetea, na siku hiyo usimame uniongelee. Mimi sina wakili, niko na wewe tu."

Barua niliandika. Jogoo tukamla, walai. Dada zangu wakafurahia supu, mimi nikawaachia bakuli langu.

Mwenzangu wa darasa ananiambia, "Boss, nyamaza. Ukisema ulidanganya ripoti, chuo utasahau. Hao watapima tena wenyewe." Hawatapima! Wanaamini ramani yangu kuliko macho yao. Na baba yangu ameshatangazia kanisa zima kwamba mwaka huu nafuzu.

Jana nimempitia Mama Grace nikiwa nimejikaza nimwambie. Nimemkuta juu ya paa la jiko anang'oa mabati mwenyewe, ati bora ayatoe mazima kabla hayajavunjwa. Akaniita, "Afadhali umekuja, baba. Nishikie hii ngazi." Nikashika. Akang'oa bati la kwanza, la pili, la tatu, ananipa naweka chini, halafu nikarudi nyumbani na siri yangu vilevile.

Alhamisi ni keshokutwa na yeye anataka nisimame upande wake. Ndugu zangu, nawaomba kwa roho safi, mniambie: nitasimama pale nikiwa nani?