Nilivyojua kuchapa ä, ö, ü na ß kwenye keyboard ya Kiingereza, na barua iliyofunga karakana ya baba

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kuna mdau humu aliuliza namna ya kupata herufi za Kijerumani kwenye keyboard ya Kiingereza. Akajibiwa "google". Mimi namjibu kwa kirefu, na sina sababu ya kuwapiga kamba.

Kwanza jibu, asiyependa stori aondoke nalo. Washa Num Lock. Shikilia Alt, piga namba za upande wa kulia, achia. 0228 ni ä. 0246 ni ö. 0252 ni ü. 0223 ni ß, ile inayofanana na B iliyoshuka tumbo. Zile namba za mstari wa juu hazifanyi kazi, usijisumbue.

Sasa stori.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta Songea. Nyumbani ni mwambao wa Ziwa Nyasa, wakati huo bado tuko wilaya ya Mbinga. Misheni ya kwetu ilikuwa na karakana ya useremala, na baba alikuwa fundi pale tangu kijana. Ada zetu, bati la nyumba, mpaka vitanda tulivyolalia, vyote vilitoka karakana ile.

Ofisi ya misheni ikapata kompyuta ya msaada. Nikachukuliwa kwa majaribio.

Msimamizi wa karakana alikuwa Bruda mmoja Mjerumani, mzee, mkali wa vipimo. Taipureta ya kwao ilishamfia. Akaniletea barua ya kurasa nne kwa mkono, Kijerumani kitupu, ya kwenda kwa wakubwa wake Ulaya. Akasema, "Ukichapa hii bila kosa, kazi ni yako."

Kijerumani sikujua hata salamu. Nilinakili herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele.

Mara ya kwanza nikachapa a, o, u za kawaida, nikaprinti, nukta nikaziweka kwa peni. Nilijiona mjanja kweli! Bruda akaitazama, akaichana mbele yangu. Hakufoka. Bora angefoka.

Siku mbili nikahangaika na mashine, na umeme wenyewe wa jenereta, wa kuvizia. Ndipo nikakuta Character Map ndani ya Windows. Ukibofya herufi, kona ya chini inakuandikia namba yake. Aisee, nilipiga kelele hadi mpishi wa misheni akaja na mwiko mkononi.

Ukurasa mmoja ulioharibika nikaupeleka nyumbani. Nilitaka tu wazee waone kazi ya binti yao.

Baba akanawa mikono, akavaa miwani, akausoma taratibu. Nikajua anashangaa nukta. Kijerumani chake nilidhani kinaishia kwenye majina ya randa na misumari.

Akaweka kidole. "Hapa, mama. Neno hili linataka nukta mbili juu ya a. Umezisahau."

Akachomoa penseli ya fundi nyuma ya sikio, akazitia.

Kesho yake nikakuta kosa lile lile kwenye nakala safi, nikarekebisha. Bruda akasoma kurasa zote nne, akatia saini. Nikapata kazi.

Wakati huo soko huria lilishachanganya. Milango na vitanda vya kiwandani vinashushwa na malori Mbinga mjini kwa bei ya kutupa, karakana imebaki na oda za madawati na majeneza. Baada ya miezi kadhaa mafundi wakaitwa, wakasomewa jibu la Ulaya kwa Kiswahili. Pendekezo la Bruda limekubaliwa. Karakana inafungwa, wenye umri mkubwa wanaanza kuondoka, baba akiwemo.

Pendekezo la Bruda. Zile kurasa nne.

Jioni nikaenda kwa baba, nikapiga magoti. "Baba, nisamehe. Barua ile niliichapa mimi."

Akaingia ndani, akarudi na ule ukurasa ulioharibika. Nukta mbili za penseli bado zipo. Neno lenyewe ni Männer.

"Hapa ameandika wanaume wazee waondoke kwanza," akasema. "Nilijua siku ile ile."

Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Barua ingekwenda tu, kwa mkono wako au wa mwingine. Wewe ulikuwa unatafuta kazi. Ningekuachaje upeleke kazi yenye kasoro?"

Nililia, wakuu. Sioni aibu kusema.

Baadaye Kijerumani nilijifunza, tena kwa hasira. Nisichokielewa sikichapi. Hilo ndilo funzo langu, chukueni au acheni. Mzee yupo, bado anaranda mbao uani, na sijawahi kumsikia akimsema Bruda vibaya.

Karibuni mtie neno. Ungekuwa wewe ndiye baba, ungesema, au ungetia zile nukta?

Na yule mdau wa juzi, ä yako ni 0228. Mimi mpaka leo nikifika hapo kidole kinasita.