Swali la Kupimia

Chombo cha kupimia tansio, yaani shinikizo la damu, tulikuwa nacho kimoja tu kwenye kituo chetu cha afya, Butembo, na mpira wake nilikuwa nimeuziba kwa plasta. Ulikuwa wakati wa vita. Waasi walishika mji na barabara yote mpaka Beni, na sisi wauguzi tulifanya kazi kwa kuvumilia tu. Asubuhi moja, wajawazito wakiwa wamejaa kwenye benchi, waliingia askari wawili wakauliza ni nani anayejua kutumia chombo kile. Wenzangu wakanitazama. Hawakuwa na nia mbaya, ni macho tu yalikwenda hivyo.

Mmoja aliniambia nichukue chombo niwafuate. Nilifikiri kuna mkubwa wao anayeumwa. Nilimwomba mwenzangu apite kwa mama mkwe wangu amwambie abaki na watoto, kisha nikapanda nyuma ya pikapu na koti langu jeupe mwilini. Tulipoacha soko nyuma na kushika barabara ya Beni ndipo nilipouliza mgonjwa yuko wapi. Baridi ya Butembo iliishia njiani, joto la Beni likatupokea, na mimi bado nimekikumbatia kile chombo kifuani.

Walinishusha kwenye nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbilia Uganda. Sasa alikaa humo komanda wao, mtu aliyetoka mbali, aliyezoea Lingala kuliko Kiswahili chetu. Lakini wa kwanza kunipokea hakuwa yeye. Sebuleni aliketi mzee mwembamba, amevaa koti la suti lililofifia rangi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alinisalimia kwa heshima, akaniambia kwamba yeye ni inspekta wa polisi ya upelelezi, mzaliwa wa Kasai. Serikali ilikuwa imemtuma Beni kabla ya vita. Kisha nchi ikakatwa vipande, mshahara ukakoma, mke na watoto wakabaki upande wa pili, naye akabaki huku, hana njia ya kurudi.

Nilimuuliza mgonjwa ni nani.

"Mugonjwa hakuna, mama," akasema. "Komanda anataka mashini ya kujua bongo. Mashini njo weye."

Bongo, kwetu, ni uongo. Alinieleza taratibu, nami nikiwa nimesimama bado. Zamani, alipokuwa kijana, serikali ilimpeleka ng'ambo kujifunza mashini inayopima mtu anapohojiwa. Mtu hufungwa mkanda kifuani wa kupima pumzi, vidoleni huwekwa vyuma vidogo vya kupima jasho, mkononi mpira wa tansio, na kalamu za mashini huchora mistari kwenye karatasi. Alirudi na cheti. Mashini yenyewe haikununuliwa kamwe. Miaka yote ile alibaki na maneno yake tu, na siku moja aliyasema mbele ya mtu asiyefaa, maneno yakamfikia komanda. Komanda akamwambia atengeneze mashini. Akajibu kwamba haiwezekani, akaonyeshwa bastola, ndipo akaomba apatiwe chombo cha tansio na mtu anayejua kuhesabu mapigo.

Jioni ile sikuruhusiwa kurudi nyumbani. Mlinzi alikaa langoni, na kila nilipolisogelea lango alisimama. Basi niliketi barazani na inspekta, jua likiwa bado halijazama, akanifundisha. Alifundisha kama mwalimu wa shule ya msingi, neno la Kifaransa kwanza, kisha maana yake kwa Kiswahili chake cha Kasai.

Kuna swali la bure, akasema, ambalo jibu lake halimtishi mtu: jina lako ni hili, tuko Beni. Kuna swali lenyewe, lile linalotafutwa. Na kati ya hayo mawili kuna swali la kupimia. Hilo ni swali ambalo karibu kila mtu hulijibu kwa uongo kidogo, kama kuulizwa kwamba umewahi kumdanganya mtu anayekuamini. Asiye na kosa huogopa swali la kupimia kuliko swali lenyewe. Mwenye kosa huogopa swali lenyewe. Mpimaji hulinganisha hofu mbili.

"Kwa hiyo mashini haijui uongo," nikasema.

"Haijui. Inajua moyo unakimbia, ni hiyo tu. Komanda anasema lokuta, batu ya hapa banasema bongo, miye kwa Kifaransa nasema mensonge. Mashini haisikie hata moja."

Aliniambia pia kwamba kabla ya kupima, mpimaji lazima akae peke yake na mtuhumiwa, amsomee maswali yote, asishtuke. Na matokeo ni matatu, si mawili: anasema kweli, anasema uongo, au haikujulikana. Hilo la tatu alilisema polepole. Mwishoni akanipa neno jingine, contre-mesure. Wapo watu wanaoweza kuikosesha mashini, akasema. Mtu anakunja vidole vya mguu kwa nguvu wakati wa maswali ya bure, moyo unapanda pasipo sababu, na mpimaji hana tena cha kulinganisha. Nikamuuliza ni nani huku kwetu angejua jambo kama hilo. Alisema hakuna, akaanza kufuta miwani yake.

Asubuhi komanda alitueleza kesi. Gari la askari wake lilikuwa limeviziwa kwenye barabara ya Alimbongo. Aliamini kuna dereva wa lori anayewasaidia vijana wa porini, anawapitishia watu wao kwenye vizuizi. Dereva huyo alikuwa amekamatwa. Inspekta aliomba yale mazungumzo ya kwanza, wao wawili tu. Komanda hakupenda. Inspekta akasema bila hayo mashini itadanganya, na komanda, ambaye aliiamini mashini kuliko sisi, akakubali. Walifungiwa chumba cha nyuma. Mimi nilikaa sebuleni nikikunjua na kukunja mpira wa tansio.

Walipomleta nilimtambua kabla hajaingia vizuri. Alikuwa akiteremsha kabichi na viazi kutoka Masereka. Mvua zilizopita alikuja kwenye kituo chetu, akatoa chini ya magunia ya kabichi kijana mwenye risasi pajani. Nilimtoa ile risasi, nikamfunga, na alipoweza kukaa dereva akamrudisha alikotoka. Sikuuliza ni wapi. Hakukuwa na haja ya kuuliza.

Sasa alisimama mbele yangu pekupeku, shati limechanika begani, jicho moja limevimba. Tulitazamana mara moja, kila mmoja akageuzia macho pengine.

Nilipomfunga ule mpira mkononi nilielewa mahali nilipofika. Akikubali kwamba alibeba watu, ataulizwa aliwapeleka kwa nani. Akikana na moyo ukaruka chini ya vidole vyangu, mimi ndiye nitakayeulizwa umeruka au haukuruka. Na komanda alikaa karibu kiasi kwamba magoti yake yaligusa kiti changu.

Inspekta alianza kuuliza, sauti yake haipandi wala haishuki, akiacha kimya kirefu kati ya swali na swali. Hapa ni Beni? Ndiyo. Uko dereva? Ndiyo. Ulishakudanganya mutu anakuamini? Hapana. Nilishika kifundo cha mkono wake, nikatazama saa yangu, nikasema hesabu kwa sauti, inspekta akaandika. Sitaficha kwamba mwanzoni sikuhesabu chochote. Nilichosikia masikioni ni moyo wangu mwenyewe, nikataja hesabu iliyokuja mdomoni. Kisha nikajilazimisha kuhesabu kweli, na nikashangaa. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kwenye swali la Beni. Ulikwenda mbio kwenye swali la kazi yake. Nikainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza vizuri, nikaona vidole vyake vya mguu vimejikunja kwenye saruji mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Ndipo nilipofahamu walizungumza nini kule chumba cha nyuma.

"Ulishakubeba batu ya pori mu gari yako?" inspekta akauliza.

"Hapana."

Vidole vya mguu vikalegea. Nilihesabu, nikasema. Ilikuwa karibu sawa na za kwanza, na safari hii sikuhitaji kubuni.

Walirudia maswali yote kutoka mwanzo, halafu tena. Mwisho inspekta alivua miwani, akamwambia komanda kwamba matokeo ni sans conclusion. Mtu huyu anaogopa kila kitu, hata jina lake, na mashini haiwezi kutenganisha.

"Donc ni bongo ao hapana bongo?" komanda akauliza.

"Haijulikane, mon commandant."

Komanda akanigeukia, akasema mama naye afungwe mpira, huenda tatizo ni yeye. Nikakaa kwenye kile kiti, bado kina joto la dereva. Inspekta alinifunga mpira mwenyewe, akaweka kidole gumba kwenye kifundo cha mkono wangu. Kidole chake kilikuwa kikavu. Komanda aliuliza mwenyewe safari hii, wala hakutaka swali la bure.

"Unamujua huyu mutu?"

Nilijua kwamba Butembo nzima ingeweza kumwambia. "Ninamujua," nikasema. "Muke yake alizalia kwetu."

Inspekta alisubiri, akatikisa kichwa kukubali.

"Alishakukuletea mugonjwa wa risasi?"

"Hapana."

Sidhani kama moyo wangu umewahi kupiga vile, hata siku nilipozaa. Niliusikia shingoni, kwenye meno, kwenye ule mpira wenye plasta. Mtu yeyote aliyeshika mkono wangu angejua, hata asiyesoma. Inspekta alikaa ametulia, midomo ikihesabu. Alichukua muda mrefu.

"Sawasawa na ya kwanza," akasema. "Huyu mama anasema kweli."

Komanda alimtazama yeye badala ya kunitazama mimi. Inspekta alikuwa tayari anafungua mpira, anaukunja vizuri, anausukuma hewa itoke. Dereva alirudishwa mahabusu, na baadaye, wakubwa wa parokia na wafanyabiashara walipokuja kumwombea, aliachiliwa, lori likabaki mikononi mwa askari.

Mimi sikuachiliwa. Komanda alitaka mashini ikae karibu. Nilikaa katika nyumba ile wiki nyingi, nikilala chumba kimoja na mwanamke aliyewapikia, nikifua koti langu jeupe na kulianika kwenye ua ambao lango lake sikuweza kulivuka. Waliletwa askari waliotuhumiwa kuuza mafuta ya gari, na mwenye duka aliyetuhumiwa kuwa na redio ya mawasiliano. Kwa wengi wao jibu lilikuwa haikujulikana. Habari za watoto wangu zilinifikia mara moja tu, kupitia mwuza samaki wa Kyavinyonge aliyeleta samaki jikoni: wako wazima, mdogo ana kikohozi. Nilimuuliza kikohozi cha namna gani, hakujua.

Siku nyingine nilitamani kumuuliza inspekta kwa nini alinisemea vile. Nilianza mara moja, barazani. Akanikatiza kwa upole, akaniambia kwamba katika kazi yao mpimaji hazungumzi na mashini. Nadhani alitaka kutania, ila hakucheka. Jioni zote alikuwa akihesabu umri ambao watoto wake wangekuwa nao sasa.

Mwishowe komanda alichoka. Alisema mashini isiyojua kitu ni hasara ya chakula, akanifukuza kama alivyonichukua, bila maelezo. Chombo cha tansio alikibakiza. Nilirudi Butembo juu ya magunia ya mkaa, na mtoto wangu mdogo alinikimbia, akaenda kujificha nyuma ya bibi yake.

Inspekta nilimwacha Beni. Amani ilipotiwa sahihi na njia za ndege zikafunguliwa, nilisikia kwamba alipata nafasi ya kwenda kwao. Kama aliwakuta, sikupata kujua.

Dereva alirudi kwenye kazi ya kabichi, kwa lori la mtu mwingine. Mwaka uliofuata alimleta mke wake kwetu kujifungua. Tulisalimiana kama watu wanaofahamiana sokoni. Nilipofunga mpira wa chombo kipya kwenye mkono wa mama yule na kushika kifundo cha mkono wake, mumewe alisimama, akatoka nje, akakaa mvuani mpaka nilipomaliza.