Siku Injini ya Makindu Ilipomeza Mkono Wangu

Kosa langu la kwanza, ambalo ndilo lililozaa mengine yote, ni kwamba nilipaka rangi kabla ya kugonga. Nalisema mapema ili msinihurumie sana huko mbele, maana mpaka leo kuna watu hapa Makindu ambao wakiniona dukani wananyoosha mkono mmoja, wanaukaza kama umekwama mahali, kisha wanaita "Mwaitu! Mwaitu!", yaani mama kwa Kikamba, kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni, na mimi nacheka pamoja nao kwa sababu nimegundua kwamba ukikasirika wanaita zaidi.

Naitwa Kyalo. Natengeneza simu na redio kwenye kibanda karibu na barabara kuu, na habari za injini za mvuke hakunifundisha mtu. Nilijifunza mwenyewe kwa video za mtandaoni na kitabu kimoja cha zamani ambacho mchwa walikuwa wamekila kuanzia ukurasa wa mwisho (kwa hiyo najua vizuri sana namna ya kuwasha injini, lakini namna ya kuizima sijafika). Basi kulikuwa na injini moja kuukuu iliyoachwa kwenye kipande cha reli kisichotumika, mbuzi wakijikinga jua chini yake tangu kabla sijazaliwa, na mwaka huu watu wa mji wakaunda kamati ya kuitunza. Swali lilikuwa moja tu: tuirudishe ifanye kazi, ichemke na kutembea hata kama ni kutoka kwenye mti ule mpaka kwenye choo cha zamani, au tuisafishe tu isimame, watoto wa shule waje waitazame? Uamuzi ungetolewa kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya afisa wa utamaduni kutoka kaunti, na mimi, kwa kuwa ndiye niliyezungumza sana kwenye kikao cha kwanza, nikapewa kazi ya kuichunguza na kuleta ripoti.

Kuichunguza. Sio kuipamba.

Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kitu kionekane kimekamilika kabla hakijaanza. Nilitaka nitume picha kwenye kundi la kamati, sasa ningetumaje picha ya kutu? Nikasema ngoja nipige msasa mahali padogo tu, hapa mbele, chini ya bomba la moshi. Pale padogo paling'aa, kwingine kukaonekana kuchafu zaidi, nikaendelea. Nikakuta matundu, nikayatia wavu wa waya na kuyaziba kwa fila, ile ya mafundi wa kunyoosha bodi za magari, nikalainisha mpaka ungeweza kujiangalia uso. Kisha rangi nyeusi, tabaka tatu, na mstari mwekundu ambao niliurudia mara nne kwa sababu ulikuwa umepinda kwa upana wa unywele. Nilipokuwa nikipiga msasa nilisikia sauti fulani ndani, kama redio ambayo haijashika stesheni. Kwenye ripoti yangu niliandika: "Sauti ndogo ndani. Upepo."

Siku mbili kabla ya mkutano akaja Mzee Nzioka. Huyu ndiye mtu wa mwisho hapa kwetu aliyefanya kazi ndani ya injini za aina hiyo, miaka kumi na mitatu akisimama karibu na dereva, yeye akilisha moto mafuta mazito na kuangalia maji ya boila yasipungue. Alikuja na nyundo ndogo ya mpini mrefu, ameifunga kwa kitambaa kama mtu anayebeba Biblia.

"Kijana, twende tugonge."

"Tugonge nini, Mzee?"

"Chuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa hulia kama umegonga godoro. Hata tukiwa safarini, gari likisimama, tulikuwa tunashuka tunagonga."

Niliiangalia ile nyundo, nikaangalia rangi yangu ambayo ilikuwa haijakauka vizuri. "Mzee," nikamwambia, na mpaka leo nikikumbuka naona haya, "utanikwaruzia."

Hakubisha. Alifunga nyundo yake, akaweka kiganja kwenye gurudumu. Halafu akasema anataka kitu kimoja tu, aisikie honi ya ile injini mara moja kabla hajalala usingizi ule mrefu. Nami, badala ya kusema tutaona, nikasema: "Utaisikia, Mzee. Na mvuke wake." Nilimwahidi mzee wa watu, kwa injini ambayo sikuwa nimeigonga hata kwa kucha!

Siku ya mkutano hema lilisimamishwa kando ya injini, viti vya plastiki vikapangwa, soda na mandazi vikafunikwa kwa kitambaa, na pasta akafungua kwa maombi marefu ambayo yaligusa reli, mvua, vijana na wagonjwa wa hospitali ya Mutomo, akamalizia kwa kuomba moto ushuke juu ya mkutano ule (tukaitikia amina, hatukujua). Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Ndunge, mwalimu mstaafu ambaye alifundisha nusu ya watu waliokuwa pale, kwa hiyo akisema keti unaketi hata kama wewe ni afisa. Akanipa maikrofoni. Nilikuwa nimevaa koti la suti la mjomba, na nikasoma ripoti yangu vizuri kabisa mpaka nilipofika mahali pa kusema, "Kwa hiyo, kwa maoni yangu, injini hii iko tayari kurudishwa kwenye mvuke."

Kutoka nyuma, Mutua wa panchari, mziba matairi ambaye kibanda chake kinatazamana na changu na hajawahi kuniachia neno lipite, akapaaza sauti: "Wewe Kyalo, hata maiti huvishwa suti!"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akaficha kwa karatasi. Na mimi masikio yakapata moto, na hapo nikafanya uamuzi mdogo tu, uamuzi wa sekunde moja. Nikamfuata Mzee Nzioka alipokuwa ameketi mstari wa mbele na kitambaa chake mapajani, nikamwomba nyundo.

"Polepole," akaniambia. "Na usianzie hapo mbele, anzia..."

Sikungoja kusikia. Nilitaka mahali palipolainika kuliko pote, na palikuwa palepale mbele, chini ya bomba la moshi. (Palikuwa pamelainika kwa sababu hapakuwa na chuma. Ilikuwa fila tupu. Niliipaka mimi mwenyewe.) Nikashika maikrofoni mkono wa kushoto, nikaisogeza karibu ili mji wote usikie kengele, nikainua nyundo kwa mkono wa kulia, nikagonga.

Haikulia kama kengele, wala kama godoro. Ilifanya "fwap", kama mtu amekanyaga boga, ukuta ukaingia ndani, nyundo ikaniponyoka kwa sababu ya jasho na kutumbukia tumboni mwa injini, na pale palipokuwa na kioo changu cheusi pakabaki tundu la ukubwa wa sahani.

Mtu mwenye akili angeomba radhi na kuketi. Mimi niliwaza: nyundo ya mzee. Nikatia mkono mpaka begani kuitafuta. Sikupata nyundo. Nilipata kitu laini chenye joto, na kilipogusika, ule upepo wa kwenye ripoti yangu uliongeza sauti.

Nikauvuta mkono haraka. Haukuja. Ule wavu wa waya niliouweka kwa mikono yangu, na kuukaza vizuri kwa sababu sipendi kazi ya ovyo, ulikuwa umeshika koti la mjomba kama ndoana. Ndipo nyuki wa kwanza akatoka, akatua kwenye maikrofoni, akatembea juu yake, na spika zote mbili zikanguruma mji mzima. Wa pili akatua kwenye sikio langu.

"Mwaitu!" nikalia. Nilisahau kwamba nimeshika maikrofoni. "Mwaitu! Nzuki! Mwaitu!"

Wanasema nilisikika mpaka sokoni. Kwa hesabu yangu mwenyewe, nilimwita mama mara tisa, na Mungu mara moja.

Hapo mkutano ulivunjika bila azimio. Kwetu hakuna anayefundishwa kukimbia nyuki, unazaliwa unajua, viti vilibaki vimelala miguu juu, pasta alipita karibu yangu akiwa amejifunika kitambaa cha mandazi, afisa akajifungia ndani ya gari lake akapandisha vioo, na Mwalimu Ndunge alisimama mlangoni pa duka akipaaza sauti, "Msikimbie ovyo! Shikaneni mikono!" Kama tuko darasa la pili.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Mzee Nzioka aliinuka taratibu, akaokota kinyesi kikavu cha ng'ombe, matambara na majani makavu, akapanda kwa nyuma mpaka kwenye chumba cha dereva. Nilikuwa nimefumba macho, nimeumwa mara saba, na nilimsikia akifungua mlango wa chuma wa mahali pa moto, ule ambao mimi kwa wiki tatu niliudhani umeshikana na kutu (kumbe kuna namna ya kuuinua kwanza). Muda kidogo baadaye nikanusa moshi. Ulikuja ndani kwa ndani, ukipita kwenye mabomba ya boila kutoka nyuma mpaka mbele, mpole, mnene, ukanizunguka mkono ndani ya lile tumbo, na zile kelele za nyuki zikaanza kushuka kidogo kidogo kama kanisa linapoambiwa likae.

Halafu nikasikia watu wanashangilia. Nikafungua jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka. Walikuwa wametoka madukani, wamesimama mbali, wanaangalia juu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba. Injini ambayo hakuna mtu wa rika langu aliyewahi kuiona ikitoa moshi ilikuwa inatoa moshi, mweupe, na mimi nikiwa nimening'inia mbele yake kama pambo.

Mutua ndiye aliyekuja kunikata koti kwa kisu chake cha kukatia matairi. "Pole, Bwana Injinia," akasema. "Lakini nilikuambia."

Kabla sijapakwa dawa simu ikaita. Mama yangu, anayeuza matikiti maji soko la Mbumbuni, na sijui habari ilifikaje mbali vile kabla yangu mimi.

"Nimeambiwa umemezwa na gari moshi."

"Mkono tu, mwaitu. Niko sawa."

"Nikuulize. Uliligonga kwanza?"

"Sikugonga."

Mama amenilea kwa kugonga matikiti. Tangu nikiwa mdogo nilijua lililoiva, bichi na lililooza kwa sauti ya kidole tu. "Tikiti la shambani unagonga," akasema, "chuma kizee kuliko nyanya yako hukigongi. Haya, pole. Usijikune."

Mkutano uliendelea alasiri, watu wamesimama mbali kidogo, mimi uso umejaa kama mkate. Mzee Nzioka alikuwa ameitoa nyundo yake kwenye lile tundu, nyuki wakiwa wamelewa moshi. Mwalimu Ndunge akaomba watu wanyamaze, na mzee akaingia mahali pa moto, akaanza kugonga kutoka ndani, nasi tukasikiliza. Ngii. Ngii. Pu. Ngii. Pu. Pu. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Alitoka na vumbi kwenye nyusi, akanitazama mimi badala ya afisa.

"Hii isichemshwe," akasema.

"Lakini Mzee, honi yako," nikasema. "Nilikuahidi."

"Wewe ndiye uliahidi, chuma hakikuahidi. Boila ikipasuka haichagui nani alitaka honi. Mimi sitaki kuisikia kwa kuzika watu."

Aliyasema bila uchungu, lakini nilimwona akiifunga ile nyundo kwenye kitambaa, mikono yake ikichukua muda mrefu kuliko kawaida. Kura zikapigwa kwa kuinua mikono. Isimame, isafishwe, isichemshwe kamwe. Mimi pia niliinua mkono, ule uliovimba, ukahesabiwa huku watu wakicheka.

Nilikaa siku mbili bila kufungua kibanda. Siku ya tatu Mutua alivuka barabara, nikajua amekuja kunimaliza, lakini alisimama akiangalia kompresa yake ng'ambo kule, akauliza, "Hiyo honi inataka mvuke lazima, ama inataka tu kitu cha kuipuliza?"

Jumamosi asubuhi tuliburuta kompresa ya panchari mpaka kwenye injini. Nyuki walikuwa wameshahamishiwa kwenye mzinga na mfugaji mmoja wa kanisani kwetu. Niliifungua honi, nikaigonga kwanza, ikalia kama kengele, ndipo nikaisafisha na kuunga mpira wa hewa. Mzee Nzioka akapanda, akashika mnyororo, akavuta. Ukatoka upepo, ukatoka udongo wa nyigu, halafu ikalia. Mbuzi wote wakatimka kutoka chini yake. Mtu mmoja barabarani akasimamisha bodaboda.

Mzee aliachia mnyororo, akainamisha kichwa kama anasikiliza kitu cha mbali sana.

"Hapana," akasema. "Upepo ni mwembamba. Mvuke ulikuwa na sauti nene."

Nikaanza kuomba radhi.

"Nyamaza," akasema. "Mutua, jaza tena."

Akavuta mara sita.

Lile tundu sijaliziba. Nimelizungushia mstari mwekundu, na watoto wa shule wakija ndilo wanalouliza kwanza, nami nawasimulia. Mstari wenyewe umepinda kidogo, na nimeuacha hivyo. Kibandani nina nyundo yangu mwenyewe ya mpini mrefu, na siku hizi nagonga kwanza, hata kama watu wanaangalia, ndipo natafuta rangi.