Kibanda Kwenye Picha
Mchora ramani alikuwa ameikodolea kompyuta macho tangu asubuhi, na sasa alitamani kuitapikia. Picha ya jengo la mteja, itakayobandikwa kwenye bango la kiwanja, ilifika asilimia tisini na tisa, kisha programu ikaganda. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kumharibikia. Mara ya kwanza ilimtolea madirisha meusi tii; mara ya pili miti ikaelea hewani, mizizi nje.

"Limashine gani hili, halina hata haya!" alifoka.

"Ukilitukana litakusikia?" mama yake aliuliza kutoka jikoni. "Njoo ule."

Picha ilipokubali kutoka, aliituma upesi. Mteja akapiga simu papo hapo.

"Dada, kazi safi. Ila hicho kibanda cha bati pembeni kinatia kinyaa. Kitoe, weka bustani."

Kibanda hicho alikichora kama kilivyo: bati lenye kutu, mlango wa bluu, beseni la mama yake limetundikwa ukutani. Kiwanja cha mteja kilipakana na kwao.

"Hiyo ni nyumba ya watu, bosi."

"Si kwenye picha tu, dada?"

Alikizungushia kibanda mstari, akabonyeza. Programu iliyomgomea siku nzima, safari hii haikusita. Kibanda kilitoweka, na majani mabichi yakajaa pale palipokuwa na jiko.

Kutoka jikoni humo humo, mama yake akaita tena, "Mwanangu, chakula kinapoa."