Bunduki Niliyokwenda Nayo Mpakani

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu: siku niliyopokea barua kutoka ofisi ya wilaya, Kayanga, kwamba leseni yangu ya bunduki imefutwa kwa maslahi ya umma. Nilikuwa kijana mwenye kibanja kule Kanoni, na nguruwe pori walikuwa wakimaliza mihogo yangu. Bila bunduki niliiona njaa mlangoni.

Nikaandika rufaa kwa hasira, nikampelekea baba yangu wa ubatizo, mwinjilisti mstaafu, aisome. Nilikuwa nimeandika kwamba sijapata kumwelekezea mtu silaha.

"Kweli hiyo," akasema. "Na kwenye kikao cha mpaka na Mama Koku, ulikwenda nayo?"

"Nilitoka shambani, baba. Ilikuwa begani tu."

"Ulipofika, nani aliendelea kusema?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku ile wazee walikuwa wakikagua milamula, mimea yetu ya mpakani, na Mama Koku, mjane, akitetea migomba yake minne. Nilipoketi na bunduki magotini, wote walinikubalia, milamula ikahamishwa na migomba ile ikawa yangu. Nami nikarudi nyumbani nikijisifu kwamba nimeshinda kwa hoja! Kimya kingi kina mshindo mkuu, mimi sikuusikia.

"Rufaa ni haki yako, idai," akasema mzee. "Ila kwanza mpelekee huyo mjane kahawa ya kutafuna, ile ya kupatana. Kisha uandike yote."

Nilikwenda. "Shikamoo, mama."

Mama Koku alinitazama mikono kwanza. "Marahaba. Leo umekuja na mikono yako tu, eeh? Karibu basi." Akachukua punje mbili, akatafuna. Siku hiyohiyo niliirudisha milamula ilipokuwa, nikaandika rufaa upya bila kukificha kile kikao.

Jibu lilichelewa sana, nalo likasema rufaa imekataliwa. Nililia kidogo, sikufichi. Lakini msimu ule Mama Koku na wanawe walipiga madebe pamoja nami kuwafukuza nguruwe, na mihogo ikapona. Namshukuru Mungu hata leo.

Mwanangu, ukiona umeonewa, dai haki yako kwa barua na kwa subira, wala usiiogope ofisi. Lakini usiandike nusu ya kweli. Mimi nilidhani umma ni neno la karatasini. Kumbe ni jirani anayenyamaza ukiingia. Muulize yeye kwanza.

Mungu akujalie mikono ambayo jirani hatahitaji kuikagua kabla ya kukukaribisha.