Jogoo wa Mama na Wageni Walioshiba

Wageni wangu wa Nairobi, someni hii mkiwa bado barabarani mkirudi.

Leo Mama aliamka hapa Kaloleni akawachinjia jogoo. Kabla hajaiva tukaona picha zenu mtandaoni, mmekaa hoteli kando ya ziwa letu hapa karibu, mnakula samaki.

Mmefika mkichokonoa meno. "Mama, tumeshiba, tutaonja tu."

Kuonja.

Halafu mwenzenu Brian akatoa simu, apige picha ya kuku ambaye hataki kumla.

Mama hakugomba. Firigisi, ambayo huku kwetu hupewa mgeni wa heshima, aliitoa kwenye sahani ya Brian akaiweka mbele ya paka.

"Kula, baba. Wewe ndiye mgeni wangu."

Anayetaka kuwatetea aandike hapa chini. Paka bado anajilamba.